Ishara Niliyomtaka Mungu Anipe Kivukoni

Kina dada wa maombi ya Alhamisi, nimewasikia. Tangu nirudi Bura hamjanipa nafasi ya kupumua. Mmoja ananifuata bombani, mwingine analeta sketi isiyo na tatizo lolote eti nimpunguzie kiuno, na swali lenu nyote ni moja: ulimwona? Alisema nini? Kila nikianza kueleza mnadakia, mnacheka, mnatoa ushauri kabla sijafika hata Hola. Basi naandika. Someni kwa zamu na mnyamaze.

Kwa yule aliyehamia hapa juzi na hamjui Nehemia: ni Mpokomo mwenzangu wa upande wa Garsen, aliyekuja kufanya kibarua cha kuchimbua mifereji ya skimu ya umwagiliaji. Chakula cha mchana alikuwa akila barazani kwangu huku mimi nikishona. Alikaa miezi saba. Alikula polepole, akaosha sahani mwenyewe, na alipoondoka niliendelea kupika sufuria ya watu wawili kwa wiki nzima. Tangu mume wangu afariki, miaka tisa sasa, nilikuwa sijaitoa sufuria ile kabatini.

Aliniomba mara mbili niende tukaishi kwake, ng'ambo ya mto. Mara mbili nikamjibu kwamba bado ninaomba. Na kweli nilikuwa ninaomba. Nyinyi ni mashahidi, tuliomba pamoja mwaka mzima mpaka Mama Kadzo akasema hata Mungu atakuwa amechoka kulisikia jina hilo.

Kisha ukaja ule ujumbe. Simu ya Nehemia ilikunywa maji wakati wa mafuriko, kwa hiyo aliniandikia kwa simu ya jirani. "Maji yanashuka, nitaanza kupanda. Jumatano nitashinda kivukoni nikikungoja. Ukija nitajua. Usipokuja sitakuuliza mara ya tatu." Nilipopiga, simu ya jirani ilikuwa imezimwa, na ikabaki imezimwa.

Sasa jambo ambalo sikuwaambia. Jumatatu nilipiga magoti nikamwambia Mungu hivi: mimi nimechoka kutojua. Nitakwenda. Nikimkuta Nehemia amesimama kivukoni siku ya Jumatano, nitajua umesema ndiyo. Nisipomkuta, umesema hapana, nitarudi nyumbani na sitalia. Niliinuka nikiwa mwepesi. Niliona nimepanga vizuri sana.

Kutoka Bura mpaka barabara kuu

Jumanne asubuhi nilipanda pikipiki na mkoba wangu, nikiwa nimesukwa nywele upya, na Mama Kadzo anajua zilimchukua saa ngapi. Barabara ya kando ya mfereji ilikuwa tope tupu. Tulianguka mara moja, polepole, tukalala upande upande kwenye majani. Nilijiangalia kwanza nywele, kisha magoti.

Barabarani nilingoja basi. Halikuja. Watu walisema limekwama huko juu, wengine wakasema lilishapita alfajiri, na mzee mmoja akaapa kwamba siku hizi halipo kabisa. Nikawaza, ndiyo hiyo hapana yenyewe, Mungu hata Chewele, hapo mbele tu, hataki nifike.

Ndipo likaja lori la mbuzi kutoka Bangale, linakwenda Malindi. Dereva aliitwa Abdi, mtu mpana, mwenye sauti ya kutuliza wanyama. Alinitazama, akautazama mkoba. "Mama, mbele iko nafasi. Lakini mbuzi nalia sana, wewe usijali." Nikapanda. Nikawaza tena, basi hii ni ndiyo. Mnaona nilivyokuwa? Basi likikosekana ni Mungu, lori likipatikana ni Mungu, na bado sijafika popote.

Hola, kisha laga

Hola tulisimama tukanywa chai na mahamri. Abdi aliniuliza naenda kwa nani Garsen, nikamjibu naenda kwa ndugu. Akatabasamu akasema, "Ndugu huyo ana bahati, nywele yako imependeza." Nilitamani kushuka nipande nyuma na mbuzi.

Baada ya Hola, mwendo wa saa moja hivi, tukakuta magari yamesimama. Mnajua laga zetu, mito hii ya msimu, mwaka mzima ni mchanga mkavu, watoto wanacheza mpira humo. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu, na laga likajaa maji mekundu yanayobeba magogo. Hapo ilikuwa saa sita mchana.

"Hii maji itaisha tu," Abdi alisema, akafungua mlango, akalala.

Mimi sikulala. Nilikwenda ukingoni nikachomeka kijiti, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, nione kama maji yanapanda au yanashuka. Yalipanda. Nikachomeka kingine juu zaidi. Mtu akipita ananisalimu, nami namwitikia bila kumwangalia. Ilipofika saa kumi vijiti vyangu vitatu vilikuwa vimezama, na nilikuwa nikiongea na Mungu kwa sauti, tena si kwa adabu. Nilimwambia kama unakataa, ungekataa nikiwa Bura, nisingepoteza siku.

Kwa Habiba

Mwanamke mmoja wa Kiorma alikuwa akinitazama muda wote huo. Jina lake Habiba, nadhani ni rika langu, miaka arobaini na kidogo. Nyumba yake ilikuwa pale karibu, mume alikuwa ameondoka na ng'ombe. Akaja akaning'oa pale ukingoni kwa mkono. "Wewe mama, maji hasikii. Kuja kula."

Alinipa maziwa, kisha akaleta bakuli la mbao lenye buna. Kwa asiyejua, ni kahawa nzima nzima iliyokaangwa kwa samli mpaka ikapasuka. Mimi nilikuwa na njaa, sijala tangu yale mahamri ya Hola. Nilichota kiganja kizima nikatia mdomoni. Habiba akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Kumbe buna hailiwi hivyo hivyo. Kwanza huombewa, ndipo huliwa, na mimi nilikuwa nimeshatafuna dua yote.

Akamimina nyingine. Akashika bakuli, akaanza kuomba kwa lugha yake, na mara moja moja akinitafsiria. Aliomba amani, mvua, majani, ng'ombe warudi salama. Kisha akachota samli ya juu, akajipaka mikononi, na kabla sijakwepa akanipaka mimi kichwani. Nywele zangu! Zile za Mama Kadzo! Samli ikateremka mpaka shingoni.

"Sasa wewe," akasema. "Wewe naomba nini?"

"Naomba Mungu anionyeshe."

"Onyesha nini?"

"Njia."

Akanyoosha kidole barabarani. "Njia si ile? Leo maji nafunga, kesho nafungua. Mimi nauliza, wewe nataka nini?"

Mwaka mzima wa Alhamisi, dada zangu, na swali hilo hatukuwahi kuulizana. Nilikuwa nimesema mapenzi yako yatimizwe, nimesema nipe ishara, nimesema funga mlango au fungua, lakini kusema namtaka Nehemia, namtaka anirudie barazani na kile kimya chake, hapana, hilo sikulisema hata mara moja. Nililiona ni aibu. Niliogopa nikilisema halafu Mungu akatae, nitabaki nalo mkononi.

Habiba hakungoja. Akaniombea anavyojua yeye, akamwomba Mungu anipe watoto. Mimi ambaye sikujaliwa hata mmoja. Nililia pale pale, naye akadhani ni moshi, akanisogezea kigoda upande mwingine wa moto.

Garsen, na kile kivuko

Nililala kwa Habiba. Jumatano maji yalipungua, lakini magari yalivuka moja moja, na zamu yetu ikafika saa saba mchana. Abdi aliendesha kwa haraka aliyoweza. Aliniteremsha Garsen saa kumi kasoro, akakataa nimshukuru. "Salimia huyo ndugu," akasema, akaenda na mbuzi wake.

Nilimkimbilia mtu wa bodaboda, mwanamume mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile. Nikamtajia kijiji cha Nehemia. Akaniuliza, "Mathe, unataka kivuko gani? Ile ya kitambo ama?"

Sikilizeni jibu langu mnipigie makofi. Nilimwambia, "Mimi nimezaliwa kwenye mto huu. Shangazi yangu aliolewa hapo ng'ambo, nimevuka hapo kabla wewe hujajua kutembea. Usinifundishe kivuko. Twende." Maskini, akanyamaza akanipeleka.

Tulifika jua likiwa bado juu. Palikuwa kimya. Ukingo ulikuwa umemegwa, ngazi za udongo nilizozikumbuka hazikuwepo, na mtumbwi haukuwepo. Ng'ambo ndizi zilikuwa zimelala kifudifudi kwenye tope. Nehemia hakuwepo.

Nilimwambia yule mtu angoje. Nikaita. Nyinyi wa huku hamwiti hivyo, lakini sisi huita kwa kuivuta sauti ivuke maji: "Ooooi, mtumbwiii!" Niliita mpaka koo likakauka. Ndege waliruka, basi. Nilikaa kwenye mkoba wangu mpaka jua likashuka, nikitazama maji yanavyopita. Nilikuwa nimeahidi sitalia. Niliivunja ahadi hiyo kwanza.

"Amesema hapana," nilimwambia yule mtu wa bodaboda tuliporudi. Akaniuliza nani. Nikamwambia, endesha.

Garsen tena, asubuhi

Nililala nyumba ya wageni na asubuhi nikawahi basi la kupandisha Hola. Mkoba ukatiwa ndani. Basi lilikuwa likingoja abiria, kwa hiyo niliketi kwenye mkahawa wa kando, kwa mama mmoja wa Kipini anayeitwa Bi Mwanaisha. Aliniwekea samaki wa kukaanga na mkate wa kumimina. Sikugusa.

"Hula?" aliniuliza. "Samaki wangu ana nini?"

"Samaki hana neno, Bi. Mimi ndiye sina hamu."

"Ndoo uketi hapa karibu na jiko, mwanangu, kuna kivuli." Akanivutia kiti. "Nani kakuudhi?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda ni kwa sababu aliniita mwanangu. Nilimweleza kivuko, ahadi, jinsi nilivyofika na kukuta hakuna mtu. Aliacha kugeuza samaki.

"Kivuko kile cha zamani? Mbona kilikufa na mafuriko! Ukingo ule uliingia mtoni wote. Watu siku hizi wavukia malkani."

Nikamwambia haiwezekani. Malka ni njia ya ng'ombe, mahali Waorma wanaponyweshea mifugo. Sisi wakulima tumelelewa hivyo: malkani hulimi, hupandi, hufungi mtumbwi. Kundi likishuka linakanyaga kila kitu, na maneno ya malka yameshaleta uhasama wa kutosha baina yetu. Hata mtu angenipa siku nzima nimtafute Nehemia ukingo mzima wa mto, malkani nisingekanyaga.

"Walikaa wakapatana," Bi Mwanaisha alisema. "Asubuhi mitumbwi, mchana ng'ombe. Mahali pengine pa kushukia hapakusalia. Sasa samaki huyu wala, au nimpe paka?"

Basi likapiga honi. Utingo akaniita, mama, twende.

Nilisimama katikati, na nitawaambia ukweli kilichokuwa kikinikwamisha. Haukuwa mkoba. Yalikuwa ni yale masharti yangu. Nilikuwa nimemwambia Mungu, nisipomkuta amesimama, umesema hapana. Sikumkuta. Nani aliniruhusu sasa niende kumtafuta mahali pengine? Nilikuwa kama mtu aliyemtegea Mungu mtego, halafu mguu ulionaswa ni wangu.

Niliomba nikiwa nimesimama, macho wazi, harufu ya samaki puani. Nikasema, Baba, simwombi tena ishara mtu yeyote wala wewe. Namtaka Nehemia. Nataka kwenda. Kama si mwema kwangu nishike mkono, unajua namna. Lakini mimi nataka, na naomba unisindikize.

Hakuna kilichotokea. Upepo haukuvuma, moyo haukutulia. Nilikwenda nikatoa mkoba wangu kwenye basi, utingo akinitukana.

Malkani

Mtumbwi ulikuwepo. Mwenye mtumbwi aliitwa Maro, mrefu, mdomo mzito. Nilipomtaja Nehemia alinitazama kwanza kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye wa Bura?"

"Ndiye mimi."

"Alikaa hapa jana kutwa. Hata mitumbwi ilipopisha ng'ombe, yeye hakuondoka, Waorma wakampitia kulia na kushoto. Jua lilipoinama akasema amejibiwa, akavuka."

"Amejibiwa na nani?"

Maro akachovya kasia majini. "Si alikuwa akimwomba Mungu? Mimi sijui mambo yenu. Kaa katikati, mtumbwi huu una wivu."

Nilivuka nikiwa nimeshika kingo zote mbili. Nilikuwa nikiwaza, kumbe naye. Kumbe watu wawili wazima, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja amempa Mungu mtihani wake, na kila mmoja ameutia alama mwenyewe.

Ng'ambo

Shamba lake lilikuwa bado linameremeta. Maji yakishuka huacha tope jeusi laini, na mkulima huyafuata nyuma, anapanda pale yanapotoka, kwa sababu tope likikauka msimu umepita. Kwetu kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anatangulia na mti uliochongwa, anatoboa mashimo. Mwingine anafuata, anadondosha mbegu, anafukia kwa mguu.

Nehemia alikuwa peke yake. Alitoboa hatua kumi, akaweka mti chini, akarudi nyuma na kibuyu cha mbegu, akadondosha, akafukia, akarudi kuuchukua mti. Amekonda, dada zangu. Nilisimama nikamtazama akifanya hivyo mara tatu kabla sijaweza kuita.

Aligeuka. Hakukimbia, wala hakutabasamu. Alisema, "Jana ilikuwa Jumatano."

"Nilikuja jana. Nilikaa kivuko cha zamani mpaka jua likashuka."

"Kile si kilikufa?"

"Nani aliniambia?"

Aliutazama ule mti. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile ya barazani kwangu, "Mariamu, mimi nilimwambia Mungu, asipokuja Jumatano, nimeelewa. Nisimsumbue tena. Nilikwisha kumpa neno langu. Sitakuuliza mara ya tatu."

"Na mimi nilimwambia nisipokukuta, nimeelewa. Sasa niambie, Nehemia, aliyetujibu jana ni Mungu au ni mto?"

Akauchomeka mti kwenye tope.

"Sawa, usiniulize," nikasema. "Wewe umefunga mdomo wako kwa neno lako, wangu uko wazi. Mimi ndiye ninakuuliza." Na mjue, kwetu mwanamke hasemi hivyo, na mama yangu angesikia angezimia. "Nataka kuishi na wewe. Sina ishara. Naogopa mafuriko, naogopa kuacha watu wangu, naogopa kuzika mume wa pili. Nataka hivyo hivyo. Wewe unataka?"

Aliinama, akainua kibuyu cha mbegu kutoka kwenye tope, akakifuta kwa shati lake, akanipa. Kisha akachukua mti wake, akatoboa shimo moja, akasimama.

Nilivua viatu. Nilidondosha mbegu tatu, nikafukia kwa kisigino. Akatoboa la pili. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa shamba, na mstari ulipoisha niliona mabega yake yanatikisika. "Mwaka mzima," alisema, mgongo bado umenielekea. "Kwa nini uliniacha mwaka mzima?"

Nilimwambia nilikuwa naogopa, na uoga wangu nilikuwa nikiuita maombi. Ndiyo kweli yenyewe, na nimeiandika hapa ili nyinyi pia muisome.

Basi, nilikaa siku tatu kwa dada yake, tukapanda, wazee wa pande zote mbili wakatumiwa habari, nikarudi. Jumamosi ijayo naondoka Bura. Najua mtauliza kama nina hakika. Sina. Usiku na mchana nawakumbuka na bado sijaondoka, na nikifikiria Alhamisi ya kwanza nikiwa kule, bila sauti ya hata mmoja wenu, nashindwa kushona.

Msiniombee jibu tena. Niombeeni mimi, kwa jina, na kwa jambo ninalolitaka.